Kurasa za Mwisho Ninazo Mimi

Wodi ya Kifua, Chumba cha Pili
4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kwanza, malalamiko baadaye. U mzima? Goti je, bado linakusumbua ukipanda ngazi za karakana? Mimi naendelea. Daktari anasema kifua changu ni sugu kama mwenyewe, kwa hiyo vidonge ni miezi sita zaidi na wageni hawaruhusiwi. Tuko wanawake tisa. Madirisha yako wazi mchana kutwa, tunakaa na mablanketi mabegani tukihesabu nani kakohoa.

Sasa shida yangu. Nimesoma kila kilichoandikwa humu ndani: maelezo ya vidonge, tangazo la kunawa mikono, hata jina la kiwanda chini ya kitanda. Kukaa bure kutaniua kabla ya kifua. Wewe vitabu vimekuzunguka pande zote, na najua kuna wateja wanaoleta vitabu vyao kujalidiwa halafu hawarudi. Nichagulie. Usinipe aina moja, nichanganyie: hadithi za kubuni na habari za kweli, mapenzi, wapelelezi, maisha ya watu, wadudu, hata ujenzi ukitaka. Miaka ishirini na sita kwenye dirisha la posta nimesoma bahasha tu. Nataka kujua mimi ni msomaji wa vitu gani.

Nitawasomea na wenzangu. Kuna mpishi kitanda cha tatu, hajui kusoma, lakini uongo anausikia kabla haujatoka mdomoni.

Ni mimi,
Dada yako


Karakana
15 Februari

Dada,

Barua yako imenikuta salama na goti limetulia. Pole na kifua.

Nimekuchagulia vitano, nikavipitia kimoja kimoja kwa mkono wangu. Kuna riwaya ya ndugu wawili na kisima kilichotiwa sumu. Kuna ya mpelelezi mwanamke anayechunguza kifo cha mpangaji wake. Kuna maisha ya daktari wa upasuaji, kayaandika mwenyewe. Vingine viwili ni vya mambo ya kweli: ufugaji wa nyuki, na jinsi watu walivyojenga madaraja juu ya mito mikali. Anza na kisima, kitakushika.

Vyote nimevijalidi upya. Havitakufumukia mkononi. Usinishukuru.

Mdogo wako


Wodi ya Kifua
20 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi kwa afya hatujambo, kwa roho tunaumwa, na umetuumiza wewe.

Kile cha kisima: kaka mkubwa anainua kikombe, mdogo wake anamtazama, na hapo hapo jalada. Nani alitia sumu? Wodi imegawanyika. Mwalimu wa kitanda cha sita na yule mpishi hawasalimiani tangu Jumanne. Mpelelezi naye kawakusanya wapangaji wote sebuleni, kasafisha koo, kimya. Daktari wa upasuaji yuko mlangoni mwa chumba alicholazwa mwanawe. Hata nyuki! Tumejenga mzinga, tumewatunza, tumefika siku ya kurina asali, basi. Daraja sijui kama lilisimama.

Nilidhani ni panya. Lakini panya gani huyu anayekula mwisho tu, halafu anashona kwa uzi mpya?

Nijibu upesi. Na uniongezee vya mambo ya kweli, nimegundua navipenda kuliko nilivyodhani. Cha nyuki nimekisoma mara tatu. Siku nikitoka humu mtaniona na mizinga uani.

Dada yako


Karakana
2 Aprili

Dada,

Mimi mzima. Wewe sijui, na leo siulizi.

Si panya, ni mimi. Kitabu hushonwa mafungu mafungu ya kurasa. Mwenye kisu chembamba anaweza kutoa fungu la mwisho, akakaza uzi, akabana jalada, na msomaji asijue mpaka afike. Mafungu yako matano yako hapa kwenye droo yangu.

Novemba iliyopita posta walileta madaftari yao ya zamani ya barua za rejista niyajalidi upya. Nikalifumua la mwaka ule. Jina langu lilikuwepo, mstari wa saba, tarehe nane Juni, na aliyesaini kupokea ni wewe. Saini ile yenye mkia, uliyoifanyia mazoezi ukutani kwa mkaa mpaka Mama akakuchapa.

Juni ile unaikumbuka. Yule mpima ardhi niliyempenda alikuwa ameniaga tangu Aprili, akasema akishapata nyumba huko alikopelekwa kikazi, ataniandikia kwa rejista anipe anwani, nami niamue. Miezi saba nilikuja dirishani kwako kila nikitoka kazini. Uliniangalia usoni ukasema, "Hamna kitu, mdogo wangu. Wanaume ndivyo walivyo." Nikacheka na wewe, nikaenda kulia peke yangu. Sikumwamini mwingine tena. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako imekuwa na urefu wa miaka ishirini na minne.

Nakuchukia, Dada. Nimetafuta neno jingine nikalikosa. Ulininyima mwisho wangu, nami nitakunyima yako yote mpaka uniambie barua ile ilisema nini. Mkuki kwa nguruwe mtamu, sasa sikia uchungu wake.

Nimekuwekea na kitabu kingine cha mambo ya kweli, kwa kuwa unavipenda. Hiki ni cha mapafu.

Mdogo wako


Wodi ya Kifua
11 Mei

Mdogo wangu,

Natumai u mzima. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikohoa damu siku nane. Usifurahi. Au furahi, shauri yako.

Kitabu cha mapafu kimefika. Kinaujua ugonjwa wangu kuliko daktari. Sura ya kumi, dalili za hatari. Sura ya kumi na moja, jinsi mgonjwa anavyokufa. Kwenye orodha ya yaliyomo wameandika kwamba sura ya kumi na mbili ni "Kupona", na haipo. Nilikuwa nakisoma kwa sauti kabla sijajua kinakoelekea. Binti wa kitanda cha nane, miaka kumi na tisa, akaniuliza, "Bibi, ina maana hakuna aliyewahi kupona?" Nilikifunga kitabu. Aligeukia ukuta, na chakula cha siku ile hakukigusa.

Haya, barua yako. Ndiyo, niliisaini. Ndiyo, niliisoma. Mama alikuwa hawezi kujigeuza kitandani, na wewe mguu mmoja ulikuwa nje tayari. Nilijua utakwenda, nami nitabaki na beseni lake na lile dirisha la posta mpaka nizeeke. Niliona wivu. Niliogopa. Aibu imekuja baadaye, miaka mingi baadaye.

Lakini humu ndani tumejifunza kutunga miisho, shukrani kwako. Kwa hiyo chagua. Alikutumia nauli umfuate. Au ameshaoa huko na anaomba radhi. Au alikuwa mgonjwa, akakusihi usimngoje. Huenda mojawapo ni kweli. Hangaika nayo kidogo, uone tunavyolala sisi.

Dada yako


Karakana
17 Mei

Dada,

Nilipoisoma barua yako nilikipiga chungu cha gundi ukutani. Alama yake haitoki.

Ndani ya bahasha hii kuna sura ya kumi na mbili. Msomee yule binti leo hii, usingoje jioni. Nilipoitoa nilikuwa nakuona wewe tu, sikukumbuka kwamba kuna masikio mengine chumbani. Hilo nalijutia, na kumwambia mwambie.

Kwako sijutii kitu. Isome na wewe, fuata kila kinachosemwa humo, meza vidonge vyako hata kama vinakutapisha. Si huruma. Maiti haijibu barua, na wewe hujanijibu.

Mdogo wako


Wodi ya Kifua
26 Agosti

Mdogo wangu mpendwa,

Natumai afya yako ni njema na hasira imepungua, japo kijiko kimoja. Makohozi yangu yamepimwa mara tatu, yote safi. Ijumaa wananitoa. Binti wa kitanda cha nane bado yupo yupo, lakini ananenepa, na ile sura ameikariri kama sala. Vitabu nawaachia wao, hata hiki cha mapafu.

Nilimwomba jirani afungue kabati langu, atafute chini ya nguo za Mama. Hii hapa barua yako, karatasi mbili, hazijapungua. Yale matatu niliyokuandikia yote ni uongo. Sijui kwa nini niliitunza. Miaka yangu yote ya posta sikuwahi kuchana barua ya mtu, labda ni hilo tu.

Nisamehe. Silitupi neno hilo ovyo, unanijua. Nyumbani nitakuwa peke yangu, na sasa angalau najua ninachopenda kusoma: maisha ya watu walioyaandika wenyewe, nyuki, na riwaya zenye ugomvi wa ndugu. Niletee yale mafungu matano. Sijalala vizuri tangu Machi kwa ajili ya kile kisima. Ulete mwenyewe, nitapika.

Dada yako anayekungoja


Karakana
9 Septemba

Dada,

Hongera kwa kupona. Nasema kwa dhati. Siku zako za vidonge nilikuwa nazipigia mistari ukutani.

Nimeisoma. Karatasi nzima ya kwanza na nusu ya pili ni viatu vyake vilivyolowa, paa linalovuja, na mkuu wake asiyejua kusoma ramani. Halafu anwani. Yangu mimi ni maneno mawili, pale chini kabisa: "Njoo ukitaka."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Miaka yote hiyo namlilia mtu wa njoo ukitaka! Kisha kicheko kikakatika, maana nilikuwa nataka. Ningepanda gari wiki ile ile, na Mama kitandani, na wewe unalia. Pengine ningemchoka mtu huyo na viatu vyake kabla mwaka haujaisha, nikarudi na sanduku langu, mtaa mzima ukanicheka. Lakini ningekuwa nimemchoka mimi mwenyewe. Hata kuchoka huko uliniibia.

Ombi lako la msamaha nimelipokea. Nimeliweka, sijui nitalifanyia nini.

Mafungu matano nimeyafunga vizuri na kuyapeleka wodini jana, kwa mpishi wa kitanda cha tatu. Mwalimu wa kitanda cha sita nimemwomba, nikiwa nje ya dirisha, awasomee wote, taratibu, kila mwisho siku yake. Wao hawakunikosea. Nimewaomba pia, ukiandika kuuliza, wasikujibu, na mwalimu ameniapia. Ndiyo maana nilisubiri kwanza utoke.

Mjalidi wa vitabu