Kamba Niliyoifuta Shingoni mwa Wapagazi

Bibi yangu,

Mbukwa, na shikamoo juu yake. Ungekuwa hapa ungeitikia zote mbili kisha ungeniuliza nimekula nini. Nimekula ugali wa uwele na mlenda niliopika mwenyewe, umekuwa mzito kama gundi ya fundi viatu, na ungenicheka mpaka ushike mbavu. Afadhali unicheke kuliko hili ninalotaka kukuambia.

Unakumbuka siku niliyokuja na kompyuta hapo nyumbani Mkonze, ukiwa unachambua karanga uani? Nilikueleza kazi yangu kwa mara ya kumi: kwamba tunachukua filamu za zamani za enzi ya wakoloni, tunazisafisha, tunazitia rangi, kisha zinapelekwa shuleni ili watoto wayaone mateso ya watu wao kwa macho. Ukaniambia, "Yaani mke mwenzangu, umesoma miaka yote hiyo uje upake watu rangi?" Nikacheka. Nikakuambia safari hii ni filamu ya wapagazi, watu waliobebeshwa mizigo ya jeshi wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza, wakipita huku huku kwetu. Uliacha karanga.

Baba yako alikuwa mpagazi. Habari hiyo nimekua nayo. Alitoweka nyumbani mwaka wa njaa, kaka zako wawili wakafa kabla wewe hujazaliwa, na aliporudi watu wakasema alifuata chakula cha askari akawaacha wanawe. Ulipokuwa binti walikuimbia kisimani, mtoto wa mfuata askari. Na jibu lako maisha yote lilikuwa lile lile: "Alifungwa. Walifungwa kamba shingoni, mtu na mwenzake. Aliniambia mwenyewe."

Mimi nilitaka rangi, bibi. Nilikuuliza kaniki za wakati ule zilikuwa na weusi gani, mizigo ilifunikwa kwa kitu gani, na ulinijibu kwa subira. Ulipofika kwenye kamba nikakukatiza: "Sawa bibi, tutafika huko, kwanza nimalizie nguo." Hatukufika huko.

Katika ile filamu palikuwa na mstari mwembamba unaopita kwenye shingo za wale watu. Filamu ilikuwa imekwaruzika kila mahali, na programu yetu iliondoa mikwaruzo yote isipokuwa huo. Ulinikera. Nikaufuta kwa mkono, picha moja baada ya nyingine, wiki tatu nzima, mpaka bosi akanisifu mbele ya wenzangu, nami nikavimba kichwa. Jamani! Mkwaruzo wa filamu husimama wima, kwa sababu ndivyo filamu inavyopita kwenye mashine. Mstari huo ulikuwa umelala. Mtu mwenye wiki moja kazini anajua hilo, na mimi nina miaka tisa.

Ndipo nikakuletea filamu uione. Ilikuwa Jumapili mchana, tumetoka kanisani. Nilikuwekea mto mgongoni, nikasogeza kioo cha kompyuta karibu kwa ajili ya macho yako. Watu wakapita na mizigo kichwani, wamevaa kaniki, udongo ni wa kwetu kabisa. Uligusa kioo kwa kidole.

"Kamba iko wapi?"

"Hapakuwa na kamba, bibi. Ingekuwepo ningeiona, hawa watu nimewaangalia mmoja mmoja."

"Kwa hiyo wanakwenda wenyewe?"

"Wanakwenda wenyewe."

Nilijibu upesi, kitaalamu. Na wewe hukubisha. Wewe, uliyebishana hadi na mchungaji! Ulivuta khanga mabegani, ukasema, "Basi alinidanganya." Ukaniomba nizime. Tangu siku hiyo hukumtaja tena baba yako, na mimi, Mungu anisamehe, nilidhani umechoka tu. Miezi miwili baadaye tulikuzika.

Wasifu wako niliusoma mimi. Niliandika kwamba baba yako "aliondoka kwenda kulitumikia jeshi", nikayasoma hayo mbele ya watoto na wajukuu wa wale waliokuimbia kisimani. Wakaitikia kwa vichwa, kwamba eeh, ndivyo ilivyokuwa.

Mwezi uliopita tulipeleka filamu shule moja kule Ihumwa. Binti wa kidato cha pili akasimama. "Madamu, mbona huyu wa tatu akijikwaa, wa nyuma yake shingo inaenda mbele? Anavutwa na nini?" Darasa likacheka. Nilirudi ofisini nikafungua nakala ya mwanzo, ile isiyosafishwa, nikaiendesha polepole. Ule mstari unalegea kati ya mtu na mtu. Mmoja akijikwaa, unakaza. Wamefungwa wote, bibi, tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Nililia pale pale kwenye kiti, wenzangu wakadhani nimefiwa tena.

Kama baba yako yumo kati yao, sijui, nyuso hazionekani vizuri. Lakini hakukudanganya. Mimi ndiye niliyekudanganya, tena bila hata kutazama mara mbili.

Filamu inarudishwa kutoka shuleni. Bosi alinuna siku mbili, kisha akakubali. Sasa ninairudisha kamba, picha moja baada ya nyingine, na inataka rangi. Ilikuwa ya katani? Ya ngozi? Ya magome ya mti? Nimeuliza watu, kila mtu ana lake. Wewe ungenijibu, maana yeye alikusimulia, nami nilikuwa nawe uani mchana kutwa nikakufunga mdomo. Nimeiacha na weusi wake.

Jumamosi ukoo unakutana kaburini kwako kusimika msalaba. Nimeomba kuusoma wasifu wako upya, na mjomba amekubali. Nitasema wazi kwamba alifungwa kamba shingoni, na kwamba niliyekosea ni mimi. Watasikia wote, wakubwa kwa wadogo, isipokuwa yule mmoja niliyemwambia kwa kinywa changu kwamba baba yake alikwenda mwenyewe, naye akaniamini.

Ninakuaga kwa aibu, bibi.

Mjukuu wako,
mtoto wa binti yako wa mwisho