Zinki Imeniuza

Jumapili, 1 Novemba 1992

Bila mimi Mbumbuni yote ingekuwa inalala chini ya paa za nyasi. Mabati yangu hata rubani wa ndege ya Mombasa akiyaona yanameta anajua, hapa ndipo nakata kona. Aliniambia mwenyewe. Karibu aniambie.

Leo mvua imetuharibia ibada. Paa jipya la kanisa, lile niliezeka Agosti, linavuja! Tone la kwanza kwa Biblia ya Pasta Jonah, la pili kwa upara wake. Watu wakaangalia juu, kisha wakaniangalia mimi. Baadaye Nzuki wa kamiti ya kanisa akatangaza: kulitengeneza ni kazi ya Kiema. Kiema! Mtoto wa dada yangu Ndila! Nyundo nimemshikisha mimi. Aliinamisha kichwa tu, hakunitetea. Ameniuza.

Jumatano, 4 Novemba

Bibi yangu Mbula amenivuta mpaka mjini Wote, kwa madaktari wa macho waliokuja. Anadai namwaga chai nje ya kikombe. Uongo. Vikombe vyake ni vidogo.

Daktari, mama mmoja anaitwa Waithera, akanipa karatasi ya miraba. Nikamwambia fundi aliyechora hii afukuzwe, mistari yote imepinda katikati. Akasema: "Mzee, mistari imenyooka."

Anasema nyuma ya jicho kuna utando unaoshika picha, na wangu umeungua — miaka yote hiyo jua kutoka juu, mabati mapya yakilirudisha kutoka chini. Na huko ndani, anasema, kuna zinki! Kidogo inalinda jicho. Lakini mwanga mkali ukizidi, inaweza kutoka mahali pake igeuke sumu. Wataalamu bado wanabishana. Zinki — ile ile iliyopakwa mabati! Nikamwambia basi mimi ndiye tajiri wa macho Ukambani nzima. Akacheka: "Mzee, usiende kulamba mabati."

Ijumaa, 6 Novemba

Sikulamba. Niliroweka vipande vya bati kwa maji ya ndimu, nikanywa. Nimetapika mpaka majirani wakaja. Mbula: "Umekatazwa kulamba, wewe ukapika supu!"

Zinki! Nimekubeba kwa kichwa hiki tangu Uhuru. Nimekusifu mbele ya wazee waliokuwa wanapenda nyasi zao. Kumbe muda wote huo ulikuwa unanichoma macho kutoka chini. Sasa hata tumbo. Wewe na Kiema ni baba mmoja, mama mmoja.

Jumamosi, 7 Novemba

Kiema amekuja. Sikumpa kiti. Nikamwambia vile ameniuza kwa kamiti. Akageuza debe, akakalia.

"Mjomba, misumari ya upande wa mimbari iko kwa bonde."

Haiwezekani! Msumari unapigwa kwa mgongo wa bati. Bonde ni njia ya maji, hata mbuzi anajua. Nikasema labda adui alipanda usiku.

"Upande huo ulikuwa wewe peke yako, Mjomba." Halafu, polepole: "Kamiti walitaka kukunyima na kazi ya paa la shule. Nikawaambia ni mimi nilipiga."

Ndio maana anatengeneza bure. Ndio maana kichwa kilikuwa chini.

Nikamwekea chai. Nikaimwaga nje ya kikombe.

Jumapili, 8 Novemba

Leo nimefanya jambo ambalo wanaume wa Makueni wataliongea miaka mingi.

Kabla ya ibada Kiema alikuwa juu anang'oa misumari. Nzuki chini anamchokoza: "Fundi gani wewe? Ungekuwa mtoto, mjomba wako angekuchapa!" Watu wakacheka. Kiema akaendelea kung'oa. Ikaniuma sana.

Kengele ikalia, watu wakaingia. Nzuki akabaki amesimama kando ya ngazi. Nikamwendea. Nikasema yote: ni mimi niliyepiga kwa bonde, ni macho yangu, Kiema hana kosa. Nilisema kwa sauti ya mwanaume. Nzuki hakujibu hata neno moja. Nilimnyamazisha kabisa!

Sasa nimekaa nyuma ya kanisa, naandika juu ya goti. Wako kwa wimbo. Nzuki ndiye anaongoza — na sasa nakumbuka, sauti hiyo ilianza huko ndani kabla sijamaliza kusema.

Kiema ameshuka. Ametoa kofia kwa ngazi, akavaa. Ametoa koti lililoning'inia chini yake, akavaa. Na Nzuki wangu akaisha.

Niliambia koti.

Kiema ameshika mlango, ananingojea. Wimbo umebaki ubeti mmoja.