Mtoto wa Lakot na kifua cha Ocaya

Jumanne, 4 Machi 2025

Naandika Kiswahili kwa sababu mama mkwe anasoma Lhukonzo na watoto wanasoma Kiingereza. Hapa nina raha yangu.

Siku ya soko, Mpondwe. Nilikuwa nakunja vitenge nikasikia kelele upande wa wauza maharage. Mwanamke mjamzito kaanguka, mwili wote unatingishika, povu mdomoni. Watu wakarudi nyuma — ni mapepo, wanasema. Mapepo gani? Ni presha ya mimba, nimeiona wodini. Tukamlaza ubavu, tukamtia kwenye pikapu ya mtu wa ndizi, nikashika kichwa chake mpaka hospitali ya misheni kule juu.

Kwenye simu yake, jina la mwisho kupigiwa lilikuwa Ocaya. Nikapiga. Sauti ya mwanaume, nyuma yake mashine zinanguruma. Nikamwambia mke wako tumemleta Bwera, njoo. Hakuuliza kitu. Mashine zikaendelea kunguruma, simu ikakatika.

Walimpasua mchana. Msichana. Kilo moja na kidogo tu, lakini anapumua. Sista Ayebare kamwandika mguuni: Mtoto wa Lakot. Mama mwenyewe hajazinduka.

Nimerudi nyumbani bila vitenge. Semu kauliza viko wapi. Viko sokoni, mume wangu, na Mungu yuko navyo.

Jumatano, 5 Machi

Vitenge vipo vyote. Mama wa maharage alivifunika na gunia.

Lakot ameamka. Ni Mwacholi, yeye na mumewe walikuja huku kwa kazi ya kiwanda cha simenti, upande wa Kasese. Lhukonzo hajui, mimi Kiacholi sijui, kwa hiyo tunaongea Kiswahili chetu hiki cha kuokoteza.

Nilimwambia twende umwone mtoto. Akageukia ukuta.

"Mimi sikuzaa," alisema. "Nilikuwa nanunua maharage. Nimeamka, tumbo hakuna. Hiyo ya kule ni ya nani?"

Nimekaa na mama wengi tangu Masika wangu alipolazwa chumba hicho cha watoto akiwa njiti, kazaliwa kabla ya wakati, na Sista akaniomba niwe napita jioni kuwatia moyo wengine. Wapo wanaolia, wapo wanaokasirika. Huyu hakulia. Aliuliza tu, kama mtu anayeulizia mzigo usio wake. Nikamchana nywele.

Ocaya alifika na vumbi la simenti mpaka kwenye kope. Mlangoni alikutana na Consolée, yule mama wa kutoka Kasindi, ng'ambo ya mpaka, mwenye mtoto wa kiume, anatoka kanisani na majivu ya Kwaresima kwenye paji. Akamtazama juu mpaka chini. "Wewe padri alikumwangia ndoo muzima?"

Ocaya alicheka kidogo, halafu akaona aibu kwamba amecheka.

Ijumaa, 7 Machi

Mtoto wa Lakot mwili umepoa. Kisanduku cha joto kina mapacha wa mtu wa Karambi, na wale hali yao ni mbaya zaidi, hawawezi kutolewa. Kilichobaki ni kifua cha mtu, ngozi kwa ngozi. Lakot presha haijashuka, akikaa anaona kizunguzungu. Na hata bila kizunguzungu hataki.

Nikajitolea mimi. Sista Ayebare kanisikiliza ninavyovuta pua. "Una mafua, Mama Masika. Simama kule."

Halafu akasema, "Si baba yupo?"

Ramula, mama mwingine wa njiti, anayeuza viatu kule mpakani, ndiye aliyeanza kukataa. Kwamba anamwonea huruma yule mtoto, lakini yeye kukaa kifua wazi mbele ya mume wa watu, hapana. Na ana haki. Wote pale wamebeba watoto vifuani, nguo zimefunguka.

Ocaya naye alikuwa anarudi nyuma kuelekea mlangoni. "Sista, mimi kazi yangu ni mawe. Hii kitu mimi naweza vunja."

"Mutoto haiko sahani," Consolée akasema. "Baba nayeye iko muzazi. Tufunike tu."

Sista kasema kesho asubuhi anataka jibu. Usiku huu mtoto atalala na chupa za maji moto pembeni. Niliondoka roho inaniuma.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Redio tangu asubuhi ni hotuba tu.

Nilibeba vitenge vitatu na kamba. Ramula ndiye aliyefunga pazia, hakutaka mtu mwingine aguse mafundo. Akalizungukia mara mbili kutafuta tundu. Halafu akasema, "Sasa aingie. Akikohoa tu, namtoa mwenyewe."

Ocaya alitumwa kuoga. Akarudi, Sista akampitishia kidole shingoni — simenti. Rudi. Mara ya pili — nyuma ya sikio. Rudi. Mara ya tatu alisimama kama kuruta, "Ndiyo, afande," na tangu hapo Sista Ayebare jina lake ni afande chumba kizima.

Wakamkalisha. Wakamweka mtoto kifuani, kofia, nepi, mpira mdogo wa hewa puani. Nikawafunga wote wawili na shuka. Ocaya mikono kaiacha hewani, kama mtu aliyeambiwa asiguse rangi mbichi.

"Mguse," nikamwambia.

"Wapi?"

Kweli, nafasi ilikuwa ndogo. Kiganja chake kimoja kilifunika mgongo wote.

Walipompima joto baadaye, limepanda. Nyuma ya pazia wanawake walipiga makofi ya kimya, ya vidole viwili vidole viwili. Siku ya Wanawake, na anayeshangiliwa ni mwanaume. Nimecheka njia nzima.

Jumapili, 9 Machi

Mafua yameisha. Nilitoka kanisani nikaenda na bundu, ugali wetu wa muhogo, na samaki wa Katwe.

Wenzake wa kiwandani walikuja watatu, wakubwa, viatu vya kazi. Wanauliza Ocaya yuko wapi, wakaoneshwa pazia. Sauti kutoka ndani: "Niko hapa. Ongea polepole, analala." Mmoja akachungulia. Nilingoja mzaha. Akavua kofia.

Ocaya anaimba pia. Vibaya sana. Ramula anasema mtoto atapona ili amkimbie.

Jioni huwa anavuka ua kwenda wodi ya mama. Anamweleza Lakot kila kitu — leo amekunywa, leo amepiga chafya. Lakot anamsikiliza macho dirishani. Maziwa anakamua, kwa sababu Sista amemwambia yatamuumiza akiyaacha. Anampa kikombe bila kutazama kinakoenda.

Jumanne, 11 Machi

Soko. Mvua. Mtoto kaongezeka kidogo. Nimechoka, basi.

Alhamisi, 13 Machi

Niandike kabla sijalala.

Nilikuwa ndani ya pazia namsaidia Ocaya kubadilisha nepi. Alikuwa anaimba ule wimbo wake. Akaacha. Nikamtazama, naye anamtazama mtoto. Kifua kidogo kimesimama. Midomo inageuka rangi ya zambarau.

Nikaita Sista. Ocaya hakuita mtu. Akamsugua mgongo na vidole viwili, kama alivyofundishwa. Hakuna. Akampiga unyayo na ncha ya kidole. Hakuna. Akasema neno moja la kwao, taratibu, akasugua tena — na mtoto akavuta hewa, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi ya mto Mubuku. Sista alifika na kinyago cha hewa mkononi, akamkuta analia. Alimsikiliza kifua muda mrefu. Alisema njiti hufanya hivi, wataongeza dawa, na kwamba baba amefanya vizuri.

Consolée akamletea Ocaya chai kupitia chini ya pazia. "Kunywa, papa. Iko sukari mingi."

Jioni, tukivuka ua, Ocaya kaniomba tusimwambie Lakot. Lakini uso wake ulikuwa umeshasema.

"Amekufa?" Lakot akauliza.

"Hapana. Alisahau kupumua. Nikamkumbusha."

Kwa mara ya kwanza akaliacha dirisha, akamtazama mumewe. Kesho kutwa Ocaya anatakiwa kazini, msimamizi wake amekataa kuongeza ruhusa. Analijua hilo Lakot, tunalijua wote.

"Ukienda," alisema, "nani atamkumbusha?"

Mimi niko, Consolée yuko, Sista yuko. Maneno hayo yote nilikuwa nayo mdomoni. Nikayameza. Hakuniuliza mimi.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika hapa hapa wodini, juu ya goti. Pikipiki ya kumpeleka Ocaya kazini inamngoja nje.

Presha imeshuka tangu jana. Asubuhi hii Lakot kavuka ua mwenyewe, mkono mmoja kwenye ukuta, mwingine kwenye kidonda. Hakuna aliyemwita. Chumba kizima kikajifanya kina kazi — Consolée kakunja nepi ile ile mara tatu. Ramula kamfungulia pazia.

Alisimama akamtazama mtoto. Akasema, "Ana masikio ya mama yangu." Kama anamlaumu.

Sista Ayebare kamkalisha, kamuuliza kama anaona kizunguzungu. Hapana. Akafungua vifungo mwenyewe. Ocaya ameinama mbele yake sasa, anamtoa mtoto kifuani polepole, huku anamweleza: mguu ukunje hivi, usivute huu mpira, akinyamaza sana mguse hapa.

Mtoto amehisi baridi, analia. Sauti ni ndogo lakini ni ya hasira kabisa. Nimeinuka nusu. Sista kanioneshea kiganja: kaa.

Mikono minne iko chini ya mtoto mmoja. Lakot ameshika.

"Achia," amesema.

Ocaya hajaachia.

"Ocaya. Achia, nimemshika."