Mita Ishirini za Papa Frans

Jumapili, 6 Oktoba 2013

Miguu inaniuma. Siku muzima mu pori na bantu ya club yetu ya upinde. Nyama za bandia, za mousse, zimefichwa nyuma ya miti — nguruwe, mbweha, kulungu jike moja mukubwa, biche. Mbele ya kupiga mushale, kila muntu anasema iko mita ngapi. Kazi yote njo hiyo. Pinde zetu za mbao hazina viseur ya kulengea, ni jicho tu. Ukikosea mita tano, mushale unaanguka chini ya tumbo.

Na lelo Papa Frans amekosea. Mara tatu! Yeye mwenyewe aliyenifundisha kukata pori kwa tano-tano: tupa jicho mita cinq, simama, tupa tena cinq. Kwa biche alisema vingt, ishirini. Nikapima na hatua zangu: vingt-six, ishirini na sita. Akasema miguu yangu mifupi. Bantu wakacheka. Na mi nikacheka. Sijui juu ya nini.

Jumatano, 9 Oktoba

Situlii. Ku kazi, maison de repos ya wazee, napima koridoo. Toka mulango wa Maman Victorine mpaka ascenseur, lifti — dix-huit. Nimetembea: dix-huit. Bon. Hapa nyumbani, Evere, toka arrêt, kituo ya tram, mpaka poubelle, pipa ya takataka — onze. Kweli onze.

Florent, bwana wangu, anasema nimekuwa sawa géomètre, mupima-mashamba, mwenye homa. Jana mezani nilimwambia sahani ya wali iko mètre et demi, mita moja na nusu, toka kwake. Hakucheka.

Jicho langu liko muzuri. Najua. Si juu yangu ninapima.

Soixante-quatorze ans, miaka sabini na ine, Papa Frans. Aliishi Kolwezi, kwetu, miaka kumi na mbili, agronome, na Kiswahili chake ni chetu kabisa, hata matusi. Hapa Ubelgiji kuwinda na upinde ni interdit, imekatazwa, donc kila Novemba anavuka kwenda Ufaransa, pori ya cousin wake. Kanuni yake moja: zaidi ya vingt mètres, hapigi. Kamwe. Anasema nyama ya kujeruhiwa ni deni ya aibu. Mwaka huu ananipeleka. Kuangalia tu, permis ya kuwinda sina bado. Nilifurahi sana aliponiambia. Sasa naogopa.

Jumamosi, 19 Oktoba

Flagey, sokoni, kahawa na Maman Renée, bibi ya ndoa ya Papa Frans. Aliniita yeye. Papa alikuwa anazunguka marché na kikapo.

Maman hakuzungusha maneno. Anasema Papa anamimina kahawa pembeni ya kikombe. Anasema juzi alinyoosha mukono kushika rampe ya ngazi, akashika hewa. Neno docteur Papa hataki kulisikia. «Mi, nikisema, ananiita infirmière, muuguzi. Wewe, Mauwa, atakusikia. Umwambie mbele ya kwenda.»

Nikasema ndiyo, maman.

Papa akarudi na kikapo ya mboga, poireaux, furaha yote. Mara moja: «Maman Mauwa! Toka hapa mpaka kwa ule muuza maua, mita ngapi?» Yeye: quinze, kumi na tano. Nikatembea kati ya bantu, nikihesabu. Vingt-et-un, ishirini na moja.

Nikarudi. «Ngapi?»

«Seize, Papa.»

Seize, kumi na sita! Ilitoka mu kinywa sawa mate. Akapiga meza kwa furaha. Maman Renée aliangalia kahawa yake tu.

Jumapili, 27 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma, kama kila mwaka hapa mbele ya baridi. Saa moja zaidi ya kuogopa.

Niliandikia Papa SMS mara ine. Nikafuta mara ine. Ku kazi nasema kila siku: papa, usisimame pekee, maman, haya meno si yako. Sina haya. Kwa huyu muzee mumoja, mudomo unakufa. Mwaka ule nilifika hapa, hakuna muntu aliniuliza natoka wapi ila kwa karatasi. Yeye aliniuliza Likasi, quartier gani, barabara gani. Njo maana.

Ijumaa, 1 Novemba

Toussaint, siku ya watakatifu wote. Tuko Ufaransa, nyumba ya cousin, chumba baridi.

Nimejaribu. Mu gari nilitoa télémètre ya club — unaangalia ndani, inasoma mita. Niliomba wanikopeshe. Papa hakuiangalia hata.

— Nyama haikungoji utafute mashini.

— Papa, ni juu ya macho...

— Macho yangu imekufikisha hapa, hapana?

Kweli imetufikisha. Ila kwa rond-point, muzunguko wa mwisho, alikanyaga frein, breki, sawa ameona ukuta. Hakukuwa na ukuta.

Jumamosi, 2 Novemba, asubuhi, mu pori

Naandika juu ya goti. Mvua ndogo.

Miaka yote, alinielezea, akifika anapima kwanza miti na hatua, anajua ule ni dix, kumi, ule ni vingt. Lelo hakupima. «Najua hapa.» Tukakaa chini, nyuma ya matawi.

Kisha huit heures, saa mbili ya asubuhi, biche. Moja, mukubwa, polepole, anakula. Anageuka ubavu. Nyama mukubwa inaonekana karibu — si yeye alinifundisha! Papa akanigeukia, akasema na midomo tu, bila sauti: vingt. Mi niliona zaidi. Vingt-cinq, ishirini na tano, na kupita. Kiwiko chake kilikuwa hapa, karibu na mukono wangu. Kumugusa tu. Kumugusa!

Sikumugusa.

Mushale ulienda chini. Nilisikia sauti kavu, mufupa. Biche akaruka, akaenda na miguu mitatu.

Papa alikuwa na furaha. Akapanda kilima, kwenye réseau, mtandao wa simu, akamwita Thibault, mwenye imbwa wa kufuata damu. Nilimusikia: mita vingt, nimepiga mapafu, amelala karibu, uje mara moja.

Nikasimama, nikatembea mpaka pale alisimama biche: ishirini na saba. Vingt-sept. Damu kidogo, nyekundu sana, manyoya, na kipande cha mufupa, ndogo sawa ukucha. Mapafu hapana. Nyama mwenye muguu uliovunjika, ukimufukuza haraka, anakimbia mpaka anakufa mbali, polepole. Anapaswa kuachwa alale saa nyingi. Thibault na imbwa wako mu njia.

Nikarudi. Papa akauliza ngapi.

— Vingt-sept. Ni muguu, Papa. Na Flagey ilikuwa vingt-et-un. Nilikudanganya.

Alinitazama, ila si machoni, kidogo pembeni.

— Tangu wakati gani ninakosea?

— Octobre. Pengine hata mbele ya Octobre.

— Na Renée anajua.

— Anajua.

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Aliweka upinde chini, kwenye majani maji, yeye asiyeuweka chini hata siku moja. Akatafuta simu mu mifuko yote.

Sasa anapanda kilima tena. Anashika miti kwa kubahatisha, mukono wa kwanza unakosa, wa pili unapata. Niende nimushike? Amenikataza na kichwa. Simu iko juu, anatafuta réseau.

«Allô? Thibault? Usije bado! Nilikuambia vingt—»

Imekatika. Hatua mbili zaidi. Tatu.

«Allô? Ni Frans tena. Sikiliza. Mi njo nilikosea, haikuwa vingt—»