Bihogo Hainui Tena Kichwa

Baba,

Jana tuliondoa matanga yako. Padri alisoma misa, akina mama Warundi wa zoni yetu walipika maharage na ndizi, kila kitu kilikwenda vizuri mpaka bosi wako wa banda la farasi la Ruti, kule Mbarara, alipofika. Ndiyo, alikuja mpaka huku kambini Nakivale, gari lote vumbi, akasimama mbele ya watu akakusifu. "Mzee alikuwa mtu muzuri sana. Mpaka leo sisi natumia kamba yake." Watu wakapiga makofi. Mama akalia. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la chai, nikatamani kummwagia.

Kamba yako, Baba! Ule mpira wa baiskeli uliouchana mwenyewe, ukaupitisha kutoka kwenye mkanda wa kifua, katikati ya miguu ya mbele, mpaka kwenye lijamu ya mdomoni. Tangu ututoke, Bihogo, farasi uliyemfundisha, anauvaa kutwa. Wameufupisha mpaka kidevu kinagusa kifua. Anasimama nao bandani, anasinzia nao, mate yanamtoka.

Wewe uliufunga ukalegea. Ukanipa kamba ndefu nimzungushe, wala kichwa hukukitazama. "Angalia nyuma, mwanangu. Miguu ya nyuma ikifanya kazi, shingo itashuka yenyewe." Na ikishuka tu, akanyoosha pua kutafuta ardhi, unamwambia, "Ndiyo hivyo, mzee wangu," unamfungua, mpira unaingia mfukoni mwa koti. Kazi imekwisha, hata kama jua ndiyo kwanza linachomoza. Bosi alikuwa akija, anapiga picha, anaondoka. Kufunga alikuona. Kufungua hakuwahi kusubiri.

Sasa kila Jumamosi Bihogo anapelekwa, mimi niliyerithi kazi yako nikimshika hatamu, kwenye sherehe za kuhingira, za kumuaga bibi harusi kwao, bwana harusi anaingia kwa wakwe akiwa mgongoni kwake. Wameamua kwamba farasi mwenye kichwa juu mbele ya wakwe hana adabu, eti anawadharau wazee. Ulipoyasikia hayo mara ya kwanza ulicheka mpaka ukakohoa. "Ng'ombe zao zinatembea na mapembe juu, nani anaziambia ziiname?" Nimekumbuka kicheko hicho, na sikucheka.

Maana juma lililopita, kule Kamukuzi, hakuuona mtaro uliokuwa mbele ya geti. Angeuonaje, macho yamefungiwa kifuani? Akaanguka kwa magoti, bwana harusi akamng'ang'ania shingoni. Na unajua wakwe walifanya nini, Baba? Walipiga vigelegele. Farasi amepiga magoti! Farasi ana heshima! Mimi niko chini ninafuta damu kwa kanga yangu, na watu wanatupiga picha. Bosi akaniinamia akicheka: "Hiyo muzuri sana. Wewe fundisha yeye kupiga magoti kila siku."

Siku ile niliendelea kufuta damu. Jana, baada ya kukusifu, akaniuliza kando ya kaburi lako kama nimeshaanza.

Nakukasirikia na wewe. Koti ulikuja nalo nyumbani, viatu ulikuja navyo, hata kile kikombe chako kibovu. Kwa nini mpira uliuacha kwenye msumari wa banda? Najua, ulidhani utarudi Jumatatu. Kule hospitali uliniuliza habari za Bihogo kabla ya kuniuliza kama nimekula. Niliona wivu, nakwambia kweli. Leo nazionea wivu siku zile.

Unakumbuka mluzi wako wa asubuhi? Ukiupiga pale kwenye uzio, yeye huko bondeni anainua kichwa, nyasi zinaning'inia mdomoni, anakuja. Nimejaribu kuupiga. Masikio yanageuka, Baba. Masikio tu.

Kesho narudi Ruti. Nitamfungua mchana kweupe, bosi akiwa amesimama pale, na kupiga magoti hatafundishwa na mkono wangu. Akinifukuza, anifukuze, shamba la mahindi tunalo na Mama anahitaji mtu wa kulima. Najua ataweka mtu mwingine, na mipira ya baiskeli haijaisha Mbarara. Lakini huu wako, unaotajwa kwa jina lako, nitaondoka nao niufukie hapa miguuni pako.

Lala, Baba. Kesho ukisikia mluzi, ni mimi. Na ujue kwamba, hata kama ni kwa asubuhi hiyo moja, ameinua kichwa.

Binti yako,
Esperansi