Gari la Kaka Gratien

Kasokola, Mpanda

Kaka Gratien,

Mvua zimeanza, na yule kuku mweusi ameangua. Mama bado hawezi kuukanyagia mguu aliovunja.

Nina jambo la kuungama. Ilipofika barua uliyoniandikia kwa Kiingereza kwamba kodi ya huko Kanada imekushinda, na sasa unalala ndani ya lile gari la mtumba, mama alikuwa amekaa mbele yangu akisubiri nimsomee. Niliona aibu. Nikamsomea kwamba umenunua gari na unalala vizuri. Jumapili akalitangaza kanisani.

Juzi ilikuwa zamu yetu ya ikibiri, majirani waje kutulimia kama tunavyolimiana wote. Hakuja mtu. Nikamfuata mama Vestina kwake, akacheka.

"Mwenye mtoto wa gari naye anataka jembe langu? Si alete trekta, binti."

Nimelima peke yangu matuta manne tu, na mbegu tumeanza kuzila.

Mama hajakasirika. Amekaa hapa, anaitazama kalamu yangu.

"Mwandikie auze hilo gari, tupate vibarua," anasema. "Nyumba si anayo?"

Nimemwitikia, kaka. Ndiyo hivyo nimeandika.

Mdogo wako,
Emelyne