Siku ya Kukaa Kabla ya Kufunga Mashine

Kwako Tata, baba yangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Tangu tulipokulaza kaburini penye migomba yako Makwale nimekuwa nikisema nitakuandikia nikipata nafasi, na nafasi haikuja. Tupokigwe alizaliwa, akaumwa, akapona, sasa anaota meno. Ninaandika naye yuko mgongoni, na nikiacha kumtikisa tu, analia. Ukiona mwandiko unayumba, ujue ni mjukuu wako.

Habari kubwa ni kwamba tuna mashine ya kukoboa mpunga. Yetu wenyewe. Siku hizi biashara zimefunguliwa, anayeweza anajaribu. Ambakisye, mkweo yule uliyesema anaongea haraka kuliko anavyofikiri, aliuza kakao, akauza ng'ombe, na ndugu yake wa Karonga akatutafutia injini ya dizeli iliyotumika. Kila tulichokuwa nacho kimo ndani ya chuma kile. Ikiharibika, hatuna pa kuanzia tena.

Iliposhushwa hapa Bujonde, alitaka ifungwe siku hiyo hiyo, bondeni karibu na kisima, kando ya barabara ili wateja waione. Mafundi aliokuja nao walishachanganya zege. Nikakukumbuka.

Nilikukumbuka ulivyokuwa baada ya kazi ya bandarini Itungi kupunguzwa, ulipoanza kuwafungia watu mashine. Mimi nimemaliza darasa la saba, sina pa kwenda, nakubebea mfuko wa spana. Tunafika, mwenye mashine anasubiri uanze, wewe unaomba kigoda. Unakaa. Jua linapanda, linageuka, mfuko hujaufungua. Wakakuita Fundi Kigoda. Mama mmoja akakuuliza, "Baba, umekuja kufunga mashine au kuposa?" Ulicheka mpaka ukakohoa.

Kwanza ulikuwa unatazama mahali. Maji hupita wapi, upepo unatoka wapi, jua linachoma upande gani, mchwa je, watoto wanachezea wapi. Kila kimoja ulikiuliza kitaifanya nini mashine. Halafu unageuza kigoda, unakigeuza kweli, unakaa ukitazama upande wa pili: na mashine itapafanya nini mahali hapa? Dizeli itadondokea wapi, moshi utaingia nyumba ya nani, pumba zitarundikwa wapi na zikishika moto itakuwaje. Ukishauona ubaya, unauhama. Usipoweza kuuhama, unauzuia. Ukishindwa kabisa ndipo unamwonya mtu. "Watu wanapenda kuanza na kuonya," uliniambia, "kwa sababu hakuchoshi."

Basi nami nikaomba kigoda.

"Mama Tupo," Ambakisye akasema, "hawa mafundi wanataka kwenda kwao."

"Nawapikia. Watakula, watasubiri."

Hakubisha. Anajua nikisema kwa sauti ndogo nimeshamaliza.

Nilikaa, mtoto kifuani. Nilihitaji kujua mto ukifurika maji yanafika wapi, na mimi hapa ni mgeni. Anayejua ni baba mkwe, aliyezaliwa hapa. Lakini mila yetu unaijua, Tata, na yeye ni mtu wa zamani: mkamwana hasimami mbele yake, wala hasemi naye. Nikamwomba mama mkwe, naye akamwambia. Mzee akaja polepole, mimi nikajificha nyuma ya migomba nimejitanda khanga. Akaanzia kisimani, akapanda. Akapita pale walipochanganya zege, akaendelea, akaendelea tena, hata Ambakisye akaacha kuongea. Kwenye mwinuko wa kanisa akaichomeka fimbo yake ardhini, akarudi nyumbani bila fimbo, akijikongoja, ili mimi nipate kwenda kutazama.

Nilisimama pale penye fimbo nikalia. Sikumwambia mtu kwa nini. Ni kwamba alinifanyia kama ambavyo ungenifanyia wewe.

Kisha nikageuza kigoda. Kisima kilikuwa chini yetu kabisa, na huku kwetu ukichimba kidogo tu umeshafika majini. Dizeli ikidondoka juu leo, kesho iko kwenye kata ya maji ya Tupo na watoto wote wa hapa. Nikasema mashine inakwenda juu ya fimbo, ng'ambo ya njia, ambako mteremko unashuka mbali na kisima. Wateja watapanda. Wenye mpunga hawashindwi kupanda.

Masika maji yalikuja. Yalilifunika lile zege la bondeni, yakasimama chini kidogo ya pale fimbo ilipokuwa. Jioni Ambakisye aliniletea samaki mkubwa, mbasa, akaniparia mwenyewe.

Nikajiona nami fundi. Ndipo siku moja mchana usubi, vile vijidudu vyetu vya kula, ukainuka ziwani. Unaujua, nguzo nyeusi kama nyika inaungua, na upepo ukauleta kwetu. Wanawake na watoto wakatoka na vikapu wakipunga hewani kuunasa. Mimi nami nikamwacha mteja, nikakimbilia ungo. Niko katikati ya kitoweo, nimejaa usubi mpaka kwenye nyusi, nikasikia injini inakohoa. Moshi mweusi, kisha kimya. Nilipofungua chujio la hewa nikaukuta umeshikana humo kama ile mikate yake tunayopika.

Mama mkwe akachungulia. "Mkamwana, kumbe na mashine yako inakula mboga."

Watu walicheka. Nami nilicheka. Nilikuwa nimeuliza habari za maji, upepo na mchwa. Usubi sikuuliza. Nani anaiogopa mboga yake?

Ndipo nikakumbuka kile kipande cha chandarua ulichokuwa unaenda nacho Itungi. Mama alikutania kwamba unalipwa ulale. Nilipokuletea chakula bandarini nilikiona kimetandazwa kwenye fremu ya mianzi mbele ya injini, nikadhani umekianika. Hukunieleza. Labda ulidhani nimeona.

Injini tuliisafisha, ikawaka kesho yake, haikuumia ndani. Nimeitengenezea fremu ya mianzi na chandarua, pana ili ipumue vizuri. Usubi ukiinuka sasa nazima kwanza, halafu ndiyo nachukua ungo.

Ndaga fijo, asante sana, Tata. Pumzika penye migomba yako, mama anapafagia kila asubuhi. Nakuahidi hakuna kitakachofungwa hapa kwangu kabla sijakaa, nikaulizwa kama naposa, na kukigeuza kigoda. Tupo akianza kutembea nitamkalisha pembeni yangu, na nitamweleza yote kwa mdomo, hata yale ninayodhani ameyaona.

Spana usinitumie, zako ninazo zote. Ninavyohitaji ni hivi: ule mkohozo wako wa kubisha hodi kabla hujaingia bandani. Siku moja nzima ya kukaa, mtoto asilie. Na kitu kile kingine, ambacho nimekizoea, ninachokipenda, kiko mbele yangu hapa ninapoandika na sijakiuliza bado kitaifanya nini mashine. Nitumie jina lake.

Mwanao,
Mama Tupo